Lori Moja, Mizani Hamsini



Katika jimbo la Michigan, kaskazini mwa Marekani, lori lenye ekseli 11 linaruhusiwa kutoka kiwandani na shehena yake ya chuma likiwa na uzito wa jumla wa pauni 164,000. Kwa vipimo vyetu hizo ni tani 74 na ushei. Lori hilo likishika njia ya kusini hufika mpaka wa Ohio au wa Indiana. Pale hakuna forodha wala polisi wa mpakani, ni bango la kukaribisha wageni tu. Lakini ukishalipita bango hilo, kiwango cha kawaida ni pauni 80,000, yaani tani 36.3, ambazo hazifiki hata nusu ya ule uzito uliokuwa halali dakika tano zilizopita. Dereva akitaka kuendelea lazima awe na kibali, na kibali chenyewe kina mipaka yake. Indiana, kwa mfano, imetenga barabara chache za kaskazini-magharibi, karibu na viwanda vya chuma vya kando ya Ziwa Michigan, ambako mwenye kibali anaweza kufikisha pauni 134,000. Akitoka nje ya barabara hizo, ni faini.

Nimeombwa nieleze imekuwaje taifa lililojenga mtandao mkubwa wa barabara kuu namna ile likashindwa kukubaliana kuhusu uzito wa lori moja. Nitasema mapema ninakoelekea. Kiwango cha uzito hakivunjwi na madereva wakorofi peke yao. Kinavunjwa zaidi na karatasi halali: misamaha na vibali vinavyotolewa kwa mzigo ambao ungeweza kupunguzwa.

Kisa kinaanza mwaka 1956. Mwaka huo Rais Dwight Eisenhower alitia saini sheria ya kujenga barabara kuu zinazounganisha majimbo, zile ziitwazo Interstate. Serikali ya shirikisho ilikubali kubeba asilimia 90 ya gharama, na anayetoa fedha huweka masharti. Sharti mojawapo lilikuwa uzito: pauni 18,000 kwa ekseli moja, 32,000 kwa ekseli pacha, na 73,280 kwa lori zima. Wabunge wa majimbo ambayo tayari yalikuwa yanaruhusu uzito mkubwa zaidi hawakukubali kuwaendea wapiga kura wao na habari hiyo. Wakapewa mlango wa nyuma: jimbo lililokuwa linaruhusu uzito zaidi kufikia tarehe 1 Julai 1956 liendelee na desturi yake.

Mlango huo haujafungwa hadi leo. Wyoming inaruhusu pauni 117,000 kwenye Interstate zake. Michigan ina tani zake 74. Majimbo mengine yana misamaha yao, mengine kwa miti ya mbao, mengine kwa makaa ya mawe, mengine kwa mazao ya shambani, na kila msamaha una historia yake na mwenyewe wa kuutetea. Ukichora ramani ya viwango hivi hutapata ramani ya ubora wa lami, bali ya viwanda vilivyokuwa na sauti mwaka ule.

Ilipofika miaka ya sabini, mafuta yalipanda bei, mwendo wa magari ukashushwa hadi maili 55 kwa saa, na wasafirishaji wakalia kwamba wanapoteza muda. Sheria ya mwaka 1974 ikawatuliza kwa uzito: pauni 20,000 kwa ekseli moja, 34,000 kwa ekseli pacha, na 80,000 kwa jumla. Tatizo ni kwamba sheria ile iliruhusu tu, haikulazimisha. Majimbo sita yanayopakana katika bonde la mto Mississippi, yakiwemo Illinois, Missouri na Arkansas, yaligoma na kubaki na 73,280. Tazameni ramani. Bonde hilo linaigawa nchi kutoka kaskazini hadi kusini, kwa hiyo lori la kutoka mashariki kwenda magharibi lilipakiwa kwa kiwango cha jimbo gumu kuliko yote yaliyokuwa njiani, hata kama majimbo mengine yote yangelipokea likiwa zito. Ilibidi ije sheria nyingine, ya mwaka 1982, kuyalazimisha. Wale wanaodhani kwamba nchi moja yenye bendera moja haiwezi kujifungia njia yenyewe kwa yenyewe wakumbuke miaka hiyo.

Sasa niingie kwenye uhandisi, kwa sababu bila huo mjadala huu unakuwa wa siasa tupu.

Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa (si ule wa Kanada, ni mji mdogo wa Illinois), Wamarekani walijenga barabara za majaribio zenye unene tofauti wa lami na wa zege. Wanajeshi wakapangwa kwa zamu kuendesha malori yanayozunguka humo, kila njia na uzito wake, hadi ekseli zilizopita zikazidi milioni moja. Walikuwa wanatafuta jibu la swali moja: uharibifu unaongezeka vipi uzito unapoongezeka? Jibu lilishtua wengi. Uharibifu hauendi sambamba na uzito, unaongezeka takriban kwa kipeo cha nne. Ekseli ikiongezewa asilimia 20, uharibifu wake unakuwa zaidi ya mara mbili. Ekseli ya tani 13 inaiumiza barabara karibu mara tatu kuliko ya tani 10. Hesabu ya namna hiyo ndiyo inayotumika katika nchi nyingi kusanifu lami, ikiwemo tuliyoipita asubuhi kuja hapa.

Kwa hesabu hiyo Michigan ina hoja, na hoja yenyewe si ya kudharauliwa. Ekseli zinapokaa karibu karibu, jimbo lile halimruhusu mtu kuweka zaidi ya pauni 13,000, kama tani 5.9, juu ya kila moja. Lori la kawaida la tani 36 lina ekseli tano, na katika zile pacha kila ekseli hubeba hadi tani 7.7. Chukua kikokotoo, gawanya, pandisha kwa kipeo cha nne: kila ekseli pacha ya lori dogo inaiumiza lami karibu mara tatu ya ekseli moja ya lile jitu la Michigan. Ukijumlisha zote, malori hayo mawili yanakaribiana kwa uharibifu, ilhali moja limebeba shehena mara mbili na zaidi ya mwenzake. Mtu anayesimama kando ya barabara na kusema "lile ndilo linalotuharibia njia" huenda amenyoosha kidole kwa lori lisiloharibu kuliko wenzake.

Ila barabara haina lami tu. Ina madaraja.

Lami huisikia ekseli moja moja inapopita, na ikishapita huvuta pumzi. Daraja linalibeba lori zima kwa wakati mmoja, tena likiwa na lingine nyuma yake siku ya foleni. Kwa daraja maswali ni mawili: jumla ni kiasi gani, na imekusanyika mahali padogo kiasi gani. Ni kama watu kumi kuvuka mto juu ya gogo: wakiachiana nafasi gogo linahimili, wakibanana katikati linapinda. Ndiyo maana sheria ya 1974 ilipoongeza uzito, wahandisi walidai kitu badala yake, wakapewa kanuni ya madaraja. Kanuni hiyo inaangalia idadi ya ekseli pamoja na umbali kati ya ya kwanza na ya mwisho. Lori la ekseli tano lenye futi 51 kati ya ekseli hizo, kama mita 15 na nusu, linafikia pauni 80,000. Zibane ekseli hizo hizo tano ndani ya futi 30 na kanuni inalishusha hadi tani 30 hivi. Lori fupi la kokoto au la zege ndilo linalolitia daraja shaka kuliko semi-trela ndefu, japo semi-trela ndiyo inayotisha machoni. Na ndiyo maana utayaona malori ya Marekani yana shingo ndefu na tela iliyovutwa nyuma. Umbo lile limetokana na sheria zaidi kuliko mapenzi ya mbunifu.

Kuhusu malori yenye ekseli ya kunyanyua, ile inayoshushwa karibu na mizani na kupandishwa mizani ikishapitwa, sitasema mengi. Waliomo humu wanaijua.

Nigeukie vibali. Serikali ya shirikisho ya Marekani haitoi hata kimoja. Kila jimbo lina ofisi yake, fomu yake, ada yake, saa zake za kusafiri, na idadi yake ya magari ya kusindikiza. Mwenye transfoma ya kupeleka majimbo matano mbele anaomba mara tano, na akikataliwa na la tatu inambidi aizunguke ramani upya. Majimbo kadhaa ya magharibi na ya kaskazini-mashariki yameungana kutoa vibali vya pamoja, lakini mzigo ukiwa mkubwa kupita kiasi kila jimbo linarudi kwenye hesabu zake lenyewe, daraja kwa daraja.

Msingi wa kibali ni mzigo usiogawanyika. Kanuni za shirikisho zimeufafanua kwa ukali unaonivutia: mzigo haugawanyiki iwapo kuupunguza kungeharibu matumizi yake, kungefuta thamani yake, au kungechukua zaidi ya saa nane za kazi kwa vifaa vinavyofaa. Mwombaji ndiye anayepaswa kuthibitisha saa hizo. Transfoma inapita. Ubawa wa mtambo wa upepo unapita. Ngano haipiti, na wala saruji haipiti, maana mfuko mmoja ukishushwa iliyobaki ni saruji ile ile.

Kisha yanakuja yale ninayoyalalamikia. Mwaka 1989 Texas ilitunga sheria ya kuuza kibali cha mwaka mzima kinachomruhusu mwenye lori kuzidisha asilimia 10 kwenye ekseli na asilimia 5 kwenye uzito wa jumla, akiwa nje ya Interstate. Mzigo unaweza kuwa wowote, ukigawanyika au usigawanyike. Ada inategemea idadi ya wilaya anazotaka kupita. Rudini kwenye kipeo cha nne: asilimia 10 ya ziada kwenye ekseli ni asilimia 46 ya uharibifu wa ziada. Na ada haijui kama lori limepita pale mara kumi kwa mwaka au kila siku. Aliyelipia kibali cha namna hii ana kila sababu ya kukitumia mpaka karatasi ichakae. Hapo kibali kimeacha kuwa njia ya kuvusha kitu kisichowezekana kuvushwa vinginevyo. Kimekuwa bei ya jumla ya kuharibu barabara, na bei yenyewe ni rahisi.

Linganisheni na Oregon. Jimbo hilo linayatoza malori makubwa kwa uzito na kwa maili, na limekuwa likifanya hivyo tangu miaka ya arobaini. Juu ya pauni 80,000, mwenye ekseli nyingi hulipa kiwango cha chini kuliko mwenye chache kwa uzito ule ule. Kwa mzigo usiogawanyika unaozidi pauni 98,000, ada ya safari hupigwa kwa kipimo cha uharibifu chenyewe: ekseli sanifu, mara umbali. Wasafirishaji hawaupendi mfumo huu, nao wameupinga mahakamani na bungeni kwa miaka mingi. Lakini sijaona mwingine unaomwambia mwenye lori kwa lugha ya fedha kwamba ekseli ya ziada ni rafiki yake. Kama ningeruhusiwa kuchukua kitu kimoja Marekani na kurudi nacho, ningechukua jedwali lile la Oregon.

Ni haki pia niseme kwamba msamaha si mbaya siku zote. Kule Maine, barabara za jimbo ziliruhusu malori ya ekseli sita yenye pauni 100,000, ilhali sehemu kubwa ya Interstate 95 ilibaki na 80,000 za shirikisho. Matokeo yake malori mazito, ya magogo na ya mafuta, yalilazimika kuiacha barabara pana na kukatiza katikati ya miji kama Bangor, mbele ya shule na kwenye taa za waenda kwa miguu. Baada ya jaribio la mwaka mmoja, Kongresi mwaka 2011 iliipa Maine na jirani yake Vermont ruhusa ya miaka 20. Hapo kiwango cha chini ndicho kilichokuwa cha hatari, maana kilikuwa kinausukuma uzito kwenda kwenye madaraja madogo yaliyozeeka.

Upande wa pili wa shilingi ni tarehe 23 Mei 2013, jimbo la Washington, daraja la mto Skagit kwenye Interstate 5. Lori lililotoka Alberta, Kanada, lilikuwa na mzigo mkubwa kuelekea mji wa Vancouver wa jimbo la Washington. Lilikuwa na kibali halali. Mbele yake lilitangulia gari la kusindikiza lenye mlingoti wa kupimia kimo. Paa la daraja lile lilikuwa la upinde, njia ya kushoto ina nafasi zaidi juu kuliko ya kulia, na lori lilipita kulia. Mzigo ukagonga vyuma vya juu, na kipande kizima cha daraja la mwaka 1955 kikaanguka mtoni. Magari mawili yalitumbukia na watu watatu waliokuwemo, wote wakaokolewa hai. Uchunguzi ulionyesha kwamba dereva wa gari la kusindikiza alikuwa anazungumza kwa simu. Ila ulionyesha pia kwamba kibali kilipatikana kwa mtandao, mwombaji akijijazia mwenyewe, na hakuna aliyelinganisha kimo cha mzigo na kimo cha madaraja ya njiani. Jukumu hilo lilikuwa la msafirishaji. Hapa kilichogonga ni kimo, lakini utaratibu ulioshindwa ndio ule ule unaotumika kwa uzito. Kama ofisi inapokea ada bila kuliangalia daraja, ilichokitoa ni risiti.

Na katikati ya haya yote yuko dereva. Marekani ya leo ina madereva wengi wanaozungumza Kiswahili, Wakongo, Wakenya, Watanzania, Warundi, na kwao sheria hizi ni mambo ya kila alfajiri. Semi-trela nyingi za kule zina ekseli pacha za nyuma zinazosogea: unachomoa pini, unafunga breki za tela, unasukuma lori mbele au nyuma, pini zinarudi kwenye tundu jingine. Kila tundu linahamisha pauni mia kadhaa kati ya tela na kichwa. Dereva aliyesawazisha uzito kwa kusogeza ekseli nyuma akikaribia California anakumbana na sharti jingine: kutoka pini inayoiunga tela na kichwa hadi ekseli ya mwisho isizidi futi 40. Akizisogeza mbele kutimiza hilo, uzito unarudi kwenye ekseli za tela, na pengine unazidi. Kuna mafuta pia. Tangi la galoni 200 lina zaidi ya pauni 1,300 za dizeli. Aliyepima akiwa na nusu tangi, akapigiwa muhuri, kisha akajaza mafuta kituo kinachofuata, anaweza kuwa mkosaji bila kuongeza hata katoni moja. Ndiyo maana wazoefu hujaza kwanza ndipo wapime.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna kitu ambacho Wamarekani hawajakipata. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Kudhibiti Uzito wa Magari ya mwaka 2016 imeweka kiwango kimoja kwa nchi wanachama: tani 56 kwa jumla, tani 10 kwa ekseli moja ya matairi manne, 18 kwa ekseli pacha, 24 kwa ekseli tatu. Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019. Mwenye lori la Dar es Salaam kwenda Kigali hapangi mzigo wake kwa kubahatisha sheria atakayoikuta mpakani Rusumo. Hilo ni jambo kubwa, na nadhani hatulisifu vya kutosha.

Lakini angalieni tarakimu zenyewe. Ekseli pacha yetu iliyo halali ni tani 18, yao ni 15.4. Kwa kipeo cha nne, ekseli yetu halali, isiyo na kosa lolote, inaiumiza lami karibu mara mbili ya yao. Tumeamua hivyo kwa sababu za uchumi, na uamuzi huo unaweza kutetewa. Ambacho hakiwezi kutetewa ni kuongeza asilimia juu yake kwa njia ya kibali. Vibali vyetu vya mizigo isiyo ya kawaida vibaki kwa transfoma za bwawa la umeme la Rufiji na mitambo ya migodini, vitaje umbali wa ekseli na madaraja ya njiani, na namba zake zisomeke kwenye kila mizani kuanzia ile ya Vigwaza, nje ya Dar es Salaam, hadi mpakani.

Wasafirishaji waliopo hapa watanijibu kwa kontena. Limefungwa kwa lakiri ya forodha, dereva hawezi kulifungua, na mizani inamtoza yeye. Wamarekani walilikuta tatizo hilo hilo, wakayaruhusu majimbo yanayotaka kulihesabu kontena la kimataifa lililofungwa lakiri kuwa mzigo usiogawanyika. Sikubaliani nao. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kanuni za kimataifa za usalama wa meli haziruhusu kontena lenye shehena kupakiwa melini bila uzito wake kuthibitishwa. Kwa hiyo kontena linaloteremshwa Dar es Salaam au Mombasa linakuja na uzito wake umeandikwa, na wakala wa mizigo anaweza kuagiza lori lenye ekseli za kutosha kabla halijapakiwa. Kisichoandikwa ni jinsi mzigo ulivyopangwa ndani, kama umeegemea mlangoni au upande wa mbele, na hilo halijulikani mpaka ekseli zipimwe moja moja. Mizani ya kupimia ekseli ikikaa ndani ya geti la bandari, kontena lililoegemea upande mmoja linaweza kusogezwa juu ya tela au kuhamishiwa tela nyingine pale pale, kwa winchi ya bandari. Likishafika kilomita sabini nje ya jiji, winchi haipo.